Jamhuri Iliuawa kwa Mguu wa Benchi

Kila Machi 15 ikikaribia, mitandao inajaa visu. Katuni za Caesar akidungwa, vichekesho kuhusu marafiki wa kukuchekea mbele na kukuchoma nyuma, na zile falsafa fupi fupi kuhusu Brutus, yule mwungwana aliyempenda rafiki yake lakini akaipenda nchi zaidi. Tunacheka, tunasambaza, tunaenda kulala. Na uongo wa miaka elfu mbili unaongezewa mwaka mwingine.

Uongo wenyewe ni huu. Eti kulikuwa na jamhuri nzuri ya watu huru pale Roma. Mtu mmoja mwenye tamaa akataka kuimeza. Waungwana wachache wakamwua ili kuiokoa, halafu kwa bahati mbaya mambo yakaharibika. Ukiwa timu Brutus, hii ni stori ya mashujaa walioshindwa. Ukiwa timu Caesar, ni stori ya usaliti. Lakini timu zote mbili zinakubaliana kwa jambo moja: kwamba swali kubwa la jamhuri ile lilikuwa Caesar, na kwamba jibu lake, liwe zuri au baya, lilitolewa siku ile ya mwaka wa 44 KK.

Mimi nakataa. Kufikia siku ya visu, jamhuri ya Roma ilikuwa maiti inayosubiri kuzikwa. Iliuawa miaka 89 kabla, mchana kweupe, na maseneta waliovunja mabenchi wakashika vipande vyake kama rungu. Walioiua hawakuwa madikteta. Walikuwa watu waliojiita walinzi wake. Na sababu haikuwa taji la mfalme. Ilikuwa shamba.

Turudi 133 KK. Roma imeshinda vita kila upande. Carthage ilikuwa imebomolewa miaka 13 kabla. Kila mara Roma iliposhinda watu wa Italia, ilichukua sehemu ya ardhi yao, na ardhi hiyo ikaitwa *ager publicus*, yaani ardhi ya umma. Ya umma kwa jina. Matajiri walikuwa wameshainyakua zamani, wakaijaza mifugo na watumwa waliotekwa vitani, huku mkulima aliyeenda kupigana vita hivyo hivyo akirudi nyumbani na kupata shamba limeenda. Kulikuwa na sheria ya zamani iliyosema mtu mmoja asishike zaidi ya iugera 500 za ardhi hiyo, kama ekari 300 na kitu. Ilijulikana, na ilipuuzwa.

Mwaka huo Tiberius Gracchus alikuwa tribuni. Tribuni alikuwa mtetezi wa watu wa kawaida. Cheo chenyewe kilizaliwa karne nyingi nyuma, watu wa chini walipogoma na kuuhama mji mpaka wakubwa wakakubali wawe na mtu wao. Mwili wa tribuni ulikuwa mtakatifu: ukimdhuru, umelaaniwa. Na Tiberius hakuwa mtoto wa mtaani. Mama yake, Cornelia, alikuwa binti ya Scipio aliyemshinda Hannibal. Mswada wake pia ulikuwa mpole kupita kiasi. Kaa na iugera zako 500, ongeza 250 kwa mtoto wa kiume, inayozidi hapo irudi igawiwe wasio na shamba. Hakuna mnyakuzi aliyeambiwa atashtakiwa. Waliambiwa warudishe sehemu ya walichochukua, na wakae na kilichobaki bila mtu kuwauliza.

Hata hivyo walikataa. Walimpata tribuni mwenzake, Marcus Octavius, apige kura ya turufu kuuzuia mswada. Tiberius akawauliza wapiga kura: mtetezi wa watu akizuia jambo la watu, bado ni mtetezi wao? Wakapiga kura, wakamng'oa Octavius. Mswada ukapita. Seneti ikaamua kuinyima pesa ile tume ya ardhi, ikaipa posho ya aibu tu. Kisha mfalme wa Pergamon akafa na kuiachia Roma ufalme wake, na Tiberius akasema hela hizo ziwasaidie wakulima wapya kuanza. Halafu akatangaza kugombea tena kwa mwaka wa pili.

Hapo ndipo walipopata neno walilokuwa wakilitafuta: huyu anataka kuwa mfalme. Siku ya uchaguzi, konsuli aliyekuwa mjini aliombwa atumie nguvu. Akakataa, akisema hatamwua raia ambaye hajahukumiwa. Basi Scipio Nasica, kuhani mkuu wa Roma na binamu ya Tiberius mwenyewe, akasimama akasema konsuli ameisaliti nchi, na anayetaka kuiokoa amfuate. Wakamfuata. Walivunja mabenchi, wakampiga Tiberius hadi akafa, pamoja na watu wake wapatao 300. Usiku maiti zao zikatupwa mtoni Tiber. Kaka yake mdogo, Gaius, aliomba apewe mwili akauzike. Akanyimwa.

Shika maneno ya Nasica: anayetaka kuiokoa nchi. Miaka 89 baadaye, waliomwua Caesar walitoka nje na visu vyenye damu wakisema jambo lile lile.

Najua mtu wa sheria ataruka hapa. Atasema Tiberius naye alivunja desturi: alimwondoa tribuni mwenzake, alitaka muhula wa pili, aliiruka Seneti kwenye mambo ya fedha. Sawa. Lakini desturi iliyovunjwa kwa kura inaweza kurekebishwa kwa kura. Mpinge uchaguzini. Subiri mwaka uishe, kinga yake iishe, umpeleke mahakamani; Roma ilikuwa na mahakama na wanasheria wa kumwaga. Haya yote yalikuwepo, na waliyaacha kwa sababu kwenye kura wangeshindwa. Mtu aliyeuawa hana rufaa.

Kuna jambo linalouma zaidi. Baada ya mauaji, sheria ya ardhi haikufutwa. Tume iliendelea na kazi kwa muda, ikigawa mashamba. Maana yake ni kwamba hata wauaji walijua mashamba yale yangeweza kugawanywa na mbingu zisianguke. Kilichowatisha kilikuwa kubwa kuliko mashamba: watu wa kawaida wamejua kwamba wanaweza kupitisha jambo bila kuomba ruhusa ya wakubwa.

Na adhabu? Ilikuwepo, ila kwa wafuasi wa marehemu. Mwaka uliofuata ikaundwa mahakama maalum, wengine wakauawa, wengine wakafukuzwa nchini. Nasica alitumwa Asia kwa kazi ya serikali ili hasira za mtaani zipoe. Msomaji wa Kenya hahitaji nimweleze maana ya muuaji kuondolewa machoni kwa heshima huku waliofiwa wakiandamwa.

Nasema jamhuri ilifia hapo kwa sababu jamhuri si majengo wala vyeo. Ni mapatano kwamba tutagombana, tutatukanana, tutashindana kwa kura, lakini anayeshindwa ataenda nyumbani akiwa hai na anayeshinda hatamchinja. Siku ile wakubwa wa Roma waligundua kwamba mapatano hayo yanaweza kuvunjwa na asubuhi jua likachomoza kama kawaida. Ukishalijua hilo, huwezi kulisahau.

Na hawakulisahau. Mwaka wa 121 KK ikawa zamu ya Gaius, yule mdogo aliyenyimwa maiti ya kaka yake. Sasa hata hawakuhitaji mabenchi. Seneti ilipitisha azimio la kumwambia konsuli Opimius ahakikishe nchi haipati madhara, lugha ya kistaarabu ya kusema ua unayetaka. Zawadi ikatangazwa: atakayeleta kichwa cha Gaius atalipwa uzito wake kwa dhahabu. Inasimuliwa kwamba jamaa aliyekileta alikuwa amekijaza risasi ndani kiwe kizito zaidi. Watu kama 3,000 waliuawa. Opimius alishtakiwa, akaachiliwa, na kwa amri ya Seneti akajenga hekalu. Hekalu la nini? La Maridhiano. Wallahi. Inasemekana usiku mtu fulani alienda akaandika chini ya jina lake kejeli kuhusu fitina kujenga nyumba ya amani. Huyo mchora ukuta asiye na jina aliielewa Roma kuliko Seneti nzima.

Baada ya hapo hesabu inaenda mbio. Mwaka wa 100, tribuni Saturninus alikuwa tayari amejisalimisha na kufungiwa ndani ya jumba la Seneti. Watu wakapanda juu, wakang'oa vigae vya paa, wakampiga navyo hadi kufa. Mwaka wa 91, tribuni Drusus, aliyetaka Waitalia wapewe uraia, alichomwa kisu nyumbani kwake, muuaji asipatikane. Muda mfupi baadaye Waitalia wakashika silaha. Mwaka wa 82, Sulla akabandika majina ya watu wa kuuawa ubaoni, mali zao zikapigwa mnada, na Crassus akawa mmoja wa walioneemeka kwa bei ya kutupa. Mwaka wa 52, Clodius aliuawa na watu wa Milo barabarani nje ya mji, na umati ukamchomea maiti ndani ya jumba la Seneti hadi jumba lenyewe likateketea. Haya yote Caesar akiwa ama hajazaliwa, ama ni kijana, ama yuko Gallia akifanya mauaji ya kwake.

Sasa wanahistoria wengi wana jibu lao: jamhuri iliangushwa na majeshi yaliyomtii jenerali badala ya nchi. Kweli kabisa. Lakini ulizeni ni kwa nini askari alimtii jenerali. Tangu Marius alipoanza kuandikisha watu wasio na mali mwaka wa 107, jeshi lilijaa watu wasio na pa kurudi. Wakimaliza vita walitaka kitu kimoja, kile kile cha 133: shamba. Na Seneti ilikataa kila ilipoweza. Pompey alirudi kutoka mashariki mwishoni mwa mwaka wa 62, akavunja jeshi lake kama sheria inavyotaka, akaiomba Seneti iwape askari wake ardhi. Cato na wenzake wakamzungusha mpaka akachoka. Pompey akaenda kushikana mkono na Crassus na Caesar, na mwaka wa 59 Caesar akaupitisha mgao huo kwa ubabe. Halafu tunaambiwa Cato ndiye aliyekuwa mlinzi wa jamhuri! Walifunga mlango wa sheria, watu wakapitia mlango wa jeshi, kisha wakapiga nduru kwamba kuna askari ndani ya nyumba.

Sasa tumfikie Brutus.

Wengi wetu tunamjua kupitia Shakespeare, na wasomaji wa Kiswahili tulimpata mapema, kwa sababu Julius Nyerere alikaa chini akaitafsiri tamthilia ile. Ilitoka mwaka wa 1963, akairekebisha, ikatoka tena mwaka wa 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Ni kazi tamu na sina ugomvi na aliyeitafsiri. Ugomvi wangu ni na pale pazia linapofunguliwa. Tamthilia inaanza mwaka wa 44. Benchi halipo. Shamba halipo. Watu wa kawaida wamo, lakini ni umati unaopeperushwa na kila hotuba, unaoishia kumrarua mshairi kwa sababu ana jina kama la mtu mwingine. Ukianza hadithi hapo, lazima Brutus aonekane mtu pekee mwenye akili ndani ya chumba.

Kuna mahali kwenye tamthilia Brutus anamgombeza Cassius kwa ajili ya pesa chafu, akidai kwamba yeye hawezi kukamua wakulima. Sikieni ya Brutus aliyeishi kweli. Mji wa Salamis, kisiwani Cyprus, ulikopeshwa pesa kupitia mawakala wake, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Wewe uliyewahi kukopa kwa simu saa sita usiku unajua hesabu hiyo inavyokua ukiwa umelala. Mji ukashindwa kulipa. Wakala wake, Scaptius, akapewa askari wa farasi na gavana aliyekuwepo, ambaye alikuwa baba mkwe wa Brutus, akalizingira baraza la mji likiwa ndani ya ukumbi wake. Madiwani watano wakafa njaa. Tunayajua haya kwa sababu Cicero alitumwa kuwa gavana huko na akayaandika kwenye barua zake, akishtuka alipogundua kwamba mdai halisi ni Brutus mwenyewe. Cicero alikuwa ameweka kikomo cha asilimia 12. Lakini hata yeye hakuthubutu kuimaliza kesi. Aliiacha ikining'inia hadi muda wake ukaisha.

Kwa hivyo Brutus aliposema uhuru, muulizeni: wa nani? Uhuru wa maseneta kama 600 kugawana majimbo, vyeo na riba bila mtu mmoja kuwapangia foleni. Caesar alikuwa ameuvuruga mpango huo. Hilo ndilo lililowauma. Wasalamis walikuwa hawana uhuru kabla ya Caesar, wakati wa Caesar na baada yake.

Na msinisome vibaya, mimi si timu Caesar. Huyo ni mtu ambaye vita vyake Gallia viliua na kuwatia utumwani watu wengi mno. Waandishi wa kale wanataja milioni moja waliouawa na milioni nyingine waliotekwa. Aliyepunguza wanaopewa nafaka ya bure Roma kutoka 320,000 hadi 150,000. Aliyejifanya dikteta wa maisha. Rafiki wa wanyonge huyo? Hapana. Alikuwa mrithi wa wale wa benchi. Walimfundisha kwamba nguvu ndiyo hoja, naye akawa mwanafunzi bora darasani.

Siku ya Machi 15, watu zaidi ya 60 walikuwa kwenye njama. Walimchoma mara 23. Daktari aliyeikagua maiti alisema ni jeraha moja tu lililomwua. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi uliojengwa na Pompey, kwa sababu jumba la zamani liliungua kwenye vurugu za Clodius na jipya halikuwa limekamilika. Hata mahali pa kulifanyia tukio palichaguliwa na maiti za nyuma.

Halafu ikawaje? Hawakuwa na mpango. Cicero aliyewashangilia ndiye aliyelalamika baadaye kwamba walikuwa na ujasiri wa watu wazima na mipango ya watoto. Siku mbili baada ya mauaji Seneti ilikaa na kufikia uamuzi ambao ungenichekesha kama haungekuwa wa kusikitisha: wauaji wasamehewe, na maamuzi yote ya Caesar yabaki yalivyo. Yote. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao, akiwemo Brutus na Cassius, walikuwa na vyeo kwa hisani ya Caesar. Ukimtangaza dhalimu, amri zake ni batili, na cheo chako kinaenda nazo. Waliua mtu wakabaki na zawadi zake. Brutus alipoanza kutengeneza sarafu zake za vita, zenye visu viwili na kofia ya uhuru, upande wa pili aliweka uso wa nani? Wake. Kitu ambacho Caesar alichukiwa kwa kukifanya.

Na ile dawa ya Nasica, Opimius na Sulla ikawarudia wenyewe. Mwaka wa 43, Antony, Octavian na Lepidus walibandika orodha yao, maseneta kama 300 ndani yake. Kichwa cha Cicero na mikono yake viliwekwa kwenye jukwaa alilokuwa akihutubia. Ardhi ya miji 18 ya Italia ikatengwa wapewe askari, na wengi waliofukuzwa walikuwa wakulima wadogo. Kile ambacho mwaka wa 133 kingefanywa kwa sheria, kwa kipimo na kwa kura, sasa kilifanywa kwa upanga, na kikawaumiza wasiohusika.

Octavian ndiye aliyebaki amesimama. Akaitwa Augustus mwaka wa 27, akatangaza kwamba ameirudisha jamhuri. Seneti iliendelea kukaa, makonsuli waliendelea kuchaguliwa. Lakini tazameni ni mamlaka gani aliyapenda kuliko yote, mpaka akahesabu miaka ya utawala wake kwa hayo tangu mwaka wa 23: mamlaka ya tribuni. Kile cheo cha mtetezi wa watu, chenye mwili usioguswa, alichopigiwa Tiberius kwa vipande vya benchi, kikaishia kuwa vazi la mfalme. Na watu hawakuinuka kukitetea, kwa sababu walikuwa wameona karne nzima jinsi kila aliyekitumia kwa ajili yao alivyotupwa mtoni.

Warumi waliiita dola yao *res publica*, jambo la umma, mali ya umma. Sisi tumechukua jamhuri kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni watu wengi, umma. Lugha mbili tofauti, maana ile ile. Kwa hivyo mtu akikuambia jamhuri imo hatarini, na dawa ni kumtoa mtu mmoja uhai, usianze kwa kumwuliza yule mtu ni mbaya kiasi gani. Huenda ni mbaya kweli. Mwulize aliyeshika kisu ana ekari ngapi za umma, anawadai akina nani kwa asilimia ngapi, na alikuwa wapi siku wanyonge walipoomba jambo lao kwa kura wakavunjiwa mabenchi kichwani. Brutus alikuwa na majibu mabaya kwa maswali yote hayo, na mpaka leo tunamchorea katuni kama mkombozi.